Bolti za maunti (kishikilio) ya injini ya ndege yangu ya modeli zinalegea kila nikiruka mara tatu. Nakosea wapi?

#1 Kipanga wa Tabata
Wakuu habari za humu.

Nina ndege ya modeli ya kujifunzia, ile ya bawa juu, sentimita 160 ncha hadi ncha. Injini ni 46, yaani cc 7.5, tustroki ya methanoli, niliinunua ikiwa imeshatumika. Maunti yake ya nailoni ilipasuka mwezi wa tatu nilipotua juu ya kichuguu (kosa langu, silikatai). Kuagiza nyingine ni hela na kusubiri, nikaamua kuchonga mwenyewe. Mihimili miwili ya mbao ya mkongo, milimita 12 kwa 15, nimeigandisha kwa gundi ya Araldite kwenye kipande cha plaiwudi, na hicho kipande kinafungwa kwenye faiawoli (ule ukuta wa mbele wa bodi ya ndege) kwa bolti nne za M4. Injini inakaa juu ya mihimili kwa bolti nne za M3, zinapita hadi chini zinakutana na nati.

Nikiruka mara tatu bolti za injini zimelegea. Nakaza, naruka mara tatu, zimelegea. Juzi moja ilidondoka kabisa, ikapotelea kwenye nyasi. Nimeweka springi washa, hola.

Nakosea wapi? Picha nitaweka kesho, simu iko asilimia 4.

#2 Siti ya Mbele
Nimekaa pale nasubiri wajuvi. Ila bila picha huu bado ni umbea.

#3 Chuma Chakavu
Mkuu hiyo ni propela, usihangaike na bolti. Watu wanatoa propela dukani wanafunga moja kwa moja. Piga hesabu: gramu moja ikizidi upande mmoja wa propela ya inchi 11, injini ikizunguka elfu 12 kwa dakika, hiyo gramu moja inavuta kama kilo 45. Mara 200 kwa sekunde. Bolti gani itavumilia hiyo?

Chukua sindano nene, pitisha kwenye tundu la propela, ilaze juu ya glasi mbili. Upande unaoshuka ndio mzito, piga msasa mgongoni mwa panga kidogo kidogo mpaka ikae mlalo.

#4 Mwalimu wa Zamu
> Chuma Chakavu: inavuta kama kilo 45

Umechukua inchi 11 nzima, sentimita 28. Kinachohesabiwa ni umbali kutoka katikati, yaani nusu yake, sentimita 14. Inakuja kama kilo 22. Na hapo gramu nzima iwe imekaa nchani kabisa, jambo ambalo propela ya dukani haifanyi labda iwe imekatika. Ikikaa katikati ya panga ni kilo 11 hivi.

Hoja yako ipo, ila usimtishe mtoto wa watu.

#5 Chuma Chakavu
Sawa Mwalimu, kilo 22. Wewe ungekubali kilo 22 zikutikise mara 200 kwa sekunde?

#6 Fundi Keko
Mimi ni fundi fanicha, ndege zenu sizijui, lakini mbao naijua. Mleta mada, huo mkongo ulikuwa mkavu? Nauliza kwa sababu unasema nati iko chini ya mbao. Mbao isiyokauka vizuri leo ukiikaza inabana, wiki mbili baadaye imesinyaa, nati inabaki inaelea. Hapo hakuna bolti iliyolegea, ni mbao iliyokimbia. Tunaona kwenye vitanda kila siku, mteja anarudi analalamika kitanda kinalia.

Pili, chini ya nati umeweka washa pana? Nati ya M3 ni ndogo kama punje ya mahindi, inazama kwenye mbao.

#7 Kipanga wa Tabata
Fundi Keko, mkongo niliupata kwa jamaa anayetengeneza milango, vipande vilivyobaki. Ukavu wake sikuupima. Washa pana chini sikuweka, nimeweka springi washa tu juu.

Picha hizi hapa, tatu.

#8 Siti ya Mbele
Ahaa sasa ni mjadala. Kazi safi mkuu, ila hiyo Araldite umepaka kama siagi ya Ramadhani.

#9 Dada wa Muheza
Kipanga, hongera kwa kuchonga. Nina swali juu ya picha ya pili. Naona washa mbili kwenye bolti za faiawoli upande mmoja tu. Ni za kuelekeza injini pembeni?

Mimi maunti zangu nachonga kwa mtiki, huku kwetu unapatikana mpaka wa kuni. Tahadhari kwa anayetaka kuiga: mtiki una mafuta yake ya asili, gundi haishiki vizuri. Lazima uufute kwa asetoni na ugandishe hapo hapo kabla mafuta hayajarudi juu. Nilijifunza baada ya injini kubaki mkononi na ndege kubaki mezani. Nashukuru haikuwa angani.

#10 Kipanga wa Tabata
Ndiyo dada, ni za kuelekeza injini kulia kidogo, kama nyuzi (digrii) mbili. Ilikuwa inavuta kushoto nikiongeza moto.

#11 Kaka Mkubwa
Mkuu umekosea! Kwenye picha washa ziko upande wa kulia. Ukisukuma kulia mbele, injini inatazama kushoto. Ndiyo maana inavuta.

#12 Dada wa Muheza
Kaka Mkubwa, picha imepigwa kwa mbele ya ndege. Kulia kwako wewe unayetazama ni kushoto kwa ndege. Kaweka sawa.

#13 Kaka Mkubwa
Nimejiaibisha. Naondoka kununua vocha.

#14 Dada wa Muheza
Rudi tu, wengi tumekosea hapo. Ninachotaka kusema ni hiki. Washa mbili chini ya bolti mbili maana yake kile kipande cha plaiwudi hakigusi faiawoli kwa uso wake wote. Kimekaa juu ya pembe upande mmoja na visahani viwili upande wa pili, katikati hewa. Injini ikitetemeka, maunti nzima inapumua. Badala ya washa chonga kabari ya plaiwudi. Kwa maunti ya milimita 50, nyuzi mbili ni kama milimita 1.75 upande mnene na sifuri upande mwembamba. Msasa juu ya kioo, nusu saa umemaliza. Halafu paka epoksi, uso wote uguse.

Usisahau pia kusogeza maunti yote kushoto. Injini ikigeuka nyuzi mbili, ncha ya mbele inahama karibu milimita 4, na pua ya ndege inakaa kama mtu aliyepigwa kofi.

#15 Mwalimu wa Zamu
Dada hoja yako ni nzuri, ila msome mleta mada tena. Zinazolegea ni za M3, za injini juu ya mihimili. Za faiawoli hajasema zimelegea. Kama tatizo ni washa, mbona M4 zimetulia?

#16 Dada wa Muheza
Kwa sababu M4 ni nene na zina nafasi ya kujikunja. Kinachotikisika ni kile cha mwisho mwa tawi, Mwalimu. Siyo lazima shina lilegee ndipo tunda lianguke.

#17 Msee wa Thika
Sasa wadau. Mbao ni ya mababu, mimi niliprinti maunti. Nilichora nikaprinti kwa PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa za 3D, ikatoka smati kabisa, nikafunga injini ya cc 6.5. Nikawasha juu ya meza, poa. Nikaruka mara moja, poa. Siku ya pili nikaacha ndege kwa gari, madirisha yamefungwa, jua la saa saba. Nikirudi pua imeinama kama mtu anasali. PLA inaanza kulegea kwa nyuzi 60 tu na sikuwa hata nimewasha injini!

Niliprinti tena kwa PETG, plastiki ngumu zaidi kwa joto, hiyo inafika kama nyuzi 80. Ikakaa miruko kumi hivi kisha ikapasuka kwa mstari wa tabaka, kwa sababu nilikuwa nimeilaza vibaya kwa printa, tabaka zikaangalia mbele. Injini inavuta mbele, tabaka zinaachana. Sasa natumia ya nailoni ya kununua, nimenyamaza.

#18 Siti ya Mbele
"Mbao ni ya mababu" halafu anamalizia na ya kununua. Babu zako wanakucheka Thika.

#19 Msee wa Thika
😂 Wacha wacheke, injini iko mahali pake.

#20 Baharia wa Maskati
Assalam alaykum jamaa. Hapa kwetu kiangazi kinapita nyuzi 45 kivulini, hata hiyo nailoni ya kununua inalegea. Nailoni ikipata joto na kubanwa inatembea taratibu, haivunjiki, inatembea tu. Ndiyo maana mimi kila asubuhi nakaza kabla ya kuruka mara ya kwanza. Sioni kama ni tatizo, ni kama kupima upepo wa tairi.

Kwa Kipanga, jibu ni gundi ya nyuzi za bolti. Loctite ile nyekundu, tone moja, hutarudi tena humu.

#21 Mwalimu wa Zamu
Shekhe hapo nakupinga. Nyekundu, mathalani 271, ni ya kufunga moja kwa moja. Ukitaka kufungua lazima upashe moto mkali, na moto mkali juu ya mihimili ya mbao iliyogandishwa kwa Araldite unajua mwisho wake. Ya kazi hii ni ya bluu, 243, inafunguka kwa spana ya kawaida na inavumilia mafuta kidogo. Hata hivyo futa kwanza bolti na nati kwa spiriti.

Na izingatiwe: gundi hizi hukauka zikiwa kati ya chuma na chuma bila hewa. Aliyekaza skrubu moja kwa moja kwenye nailoni akapaka Loctite amepoteza tone lake, na plastiki nyingine zinapasuka kwa sababu yake.

Halafu jamani, gundi inazuia nati isizunguke. Kama Fundi Keko yuko sahihi na mbao ndiyo inayosinyaa, nati haizunguki hata kidogo, inabaki pale pale na bado hakuna mkazo.

#22 Fundi Keko
Mwalimu umenena. Kipanga fanya hivi: piga alama ya kalamu ya rangi kwenye nati na kwenye mhimili, mstari mmoja unaopita vyote. Ruka mara tatu. Mstari ukiachana, nati imezunguka. Mstari ukiwa sawa na bolti imelegea, mbao ndiyo mwizi.

Na kuna kitu kinaitwa nati ya miguu ya sofa, ile ya mviringo yenye meno manne, unaigonga kwa nyuma inang'ata mbao. Huku Keko zimejaa, M4 hata M6. Nasikia nyie mnaziagiza kutoka nje kwa jina jingine.

#23 Dada wa Muheza
Fundi Keko ni zile zile! Ndizo zinazokaa nyuma ya faiawoli kwenye ndege zetu nyingi. Nimeagiza za dola miaka yote hii na ziko kwenye sofa niliyokalia.

Zivutwe tu kwa bolti taratibu mpaka meno yazame, usipige nyundo kwenye plaiwudi ya milimita 6, inachanika nyuma. Na zungushia epoksi ukingo, siyo ndani ya uzi.

#24 Bundi
Nimesoma mpaka hapa nikidhani ni ndege za abiria. Mzee mzima na mke na watoto unahangaika na midoli?

#25 Siti ya Mbele
Bundi nenda uzi wa Simba na Yanga, huku kuna watu wazima wanacheza.

#26 Gereji ya Mjomba
Hakuna aliyegusa hili. Injini kaipata ikiwa imeshatumika. Methanoli inavuta unyevu wa hewani. Injini ikiwekwa kabatini mwaka mzima bila kuisafisha kwa mafuta, beringi ya nyuma inashika kutu. Beringi yenye kutu inatoa mtetemo ambao propela iliyobalansiwa vipi haiwezi kuuondoa.

Toa plagi, shika kitovu cha propela, zungusha polepole kwa vidole. Ukisikia kama mchanga, umepata mchawi. Kisha kitikise juu chini. Kikicheza, tafuta beringi mbili mpya kwenye duka la beringi, wapelekee namba iliyoandikwa ubavuni. Kuzitoa unapasha bodi kwenye oveni, zinadondoka zenyewe. Mama watoto asiwepo.

#27 Kipanga wa Tabata
Gereji ya Mjomba nimezungusha sasa hivi. Siyo mchanga, ila kuna kitu kama... sijui. Kama chumvi laini.

#28 Gereji ya Mjomba
Chumvi laini ndiyo mchanga wa kesho.

#29 Mpemba Halisi
Nyote mnazunguka mbuyu. Hiyo injini ni ya zamani? Tundu zake za miguuni zilitobolewa kwa bolti za inchi, namba 6, ambayo ni milimita 3.5. Bwana huyu anasema kafunga M3. Nusu milimita nzima ya mchezo! Injini inateleza mbele na nyuma kila inapopiga, inaisaga mbao, nati inafuata. Bolti haikulegea, bolti haikuwahi kukaa.

Pima tundu. Ukiona bolti ya M3 inaingia bila kugusa ukuta, tanua kidogo mpaka M4 kama nyama ya mguu inaruhusu, la sivyo tafuta za inchi. Kuna mafundi wa redio za zamani wanazo kwenye makopo.

#30 Chuma Chakavu
Mpemba, bolti kazi yake ni kubana, siyo kuzuia pembeni. Ikibana vizuri hata tundu likiwa pana injini haisogei, msuguano unaishika.

#31 Mpemba Halisi
Kwenye kitabu ndugu yangu. Juu ya mbao iliyolowa mafuta ya nyonyo huo msuguano umeuona wapi?

#32 Mwalimu wa Zamu
Hapo Mpemba kafunga goli.

#33 Kipanga wa Tabata
Nimepima kwa kalipa ya kuazima. Tundu 3.6, bolti 2.95. Na mihimili imelowa kweli, imekuwa myeusi pale chini ya mguu wa nyuma.

#34 Dada wa Muheza
Hukuipaka kitu mihimili kabla ya kufunga injini?

#35 Kipanga wa Tabata
Nilipaka vanishi ya milango.

#36 Dada wa Muheza
Mdogo wangu. Methanoli inaila vanishi ya milango kama mchwa. Unatakiwa epoksi, iyeyushe kidogo kwa spiriti iwe nyepesi, paka kote, hasa ndani ya matundu ya bolti na kwenye tundu la mpira wa tangi. Huko ndiko mafuta yanakoingilia na huko ndiko hakuna anayepaka. Na angalia faiawoli yenyewe. Ikibonyea kwa ukucha, acha kila kitu, kata weka mpya, kwa sababu siku moja injini itaenda peke yake.

#37 Toto la Kariakoo
Samahani kuingilia, hayo mafuta ya nyonyo ndiyo haya dada zetu wanakuzia nywele?

#38 Gereji ya Mjomba
Ndiyo yenyewe, mbarika. Kwenye baadhi ya mashindano ya FAI (shirikisho la kimataifa la michezo ya anga) mafuta ni methanoli asilimia 80 na nyonyo asilimia 20, hakuna kingine. Ila tafuta safi. Ya dukani mengine yamechanganywa manukato na mafuta ya nazi, ukitia humo injini itanukia vizuri na itakufa.

Na wale wenye kiu: methanoli siyo gongo. Kidogo tu inapofusha, zaidi kidogo inaua. Moto wake mchana hauonekani, unaweza kuwa unaungua unashangaa joto linatoka wapi. Weka lebo, weka juu kabatini.

#39 Siti ya Mbele
Jirani yangu ana nywele ndefu sana na hana ndege. Sasa nimeelewa.

#40 Boda wa Mwanza
Mimi ningeweka raba. Kata bushi ya shokapu ya bodaboda, weka visahani chini ya miguu ya injini juu na chini ya mhimili. Mtetemo wote unaishia kwenye raba, bolti zinapumzika.

#41 Dada wa Muheza
Usithubutu bila hesabu. Maunti laini zipo, wa F3A (mashindano ya sarakasi za angani) walizitumia sana, lakini zimepangwa: raba lazima iwe laini kiasi kwamba mtikisiko wake wa asili uko chini kabisa ya mapigo ya injini. Injini ikiwa saileni, yaani ikizunguka polepole bila kuongezewa moto, inapiga kama mara 40 kwa sekunde, ukiwa na raba ngumu ya bodaboda unaweza kuangukia hapo hapo, injini inaanza kucheza sindimba. Halafu kabureta inatikisika, mafuta yanatoa povu kwenye tangi, injini inakula hewa.

#42 Boda wa Mwanza
Kwenye boda inafanya kazi.

#43 Dada wa Muheza
Boda haiendi elfu 12, kaka.

#44 Boda wa Mwanza
Hujapanda na mimi.

#45 Kaka Mkubwa
Nimerudi na vocha. Kuhusu hii kuvuta kushoto, inasababishwa na nini hasa? Nimeambiwa ni msokoto wa injini, propela ikizunguka kulia ndege inataka kuzunguka kushoto.

#46 Baharia wa Maskati
Huo msokoto unalaza bawa, haugeuzi pua. Pua inageuzwa na upepo wa propela unaojizungusha kwenye bodi na kupiga mkia wa wima upande wa kushoto.

#47 Chuma Chakavu
Hapana, ni panga linaloshuka. Pua ikiwa juu, panga la kulia linashuka linakata hewa kwa pembe kubwa zaidi kuliko la kushoto linalopanda, kwa hiyo kulia kunavuta zaidi.

#48 Mwalimu wa Zamu
Zote tatu zipo, kiasi gani kila moja inategemea ndege na mwendo. Naomba tusianze, nakumbuka uzi wa mwaka juzi ulifika kurasa 11 na watu wawili hawasalimiani mpaka leo.

#49 Baharia wa Maskati
Mimi mmoja wao. Na bado ni upepo.

#50 Afande Mstaafu
Vijana, mnarushia wapi hizo? Mna vibali? Huenda TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wasitofautishe kidude chako na droni ya kupiga picha za harusi, vyote ni vyombo vinavyoongozwa bila rubani ndani.

#51 Msee wa Thika
Kwetu Kenya pia, KCAA, mamlaka yetu ya anga, walitoa kanuni zao 2020. Ukirusha bila karatasi unaeleza kwa kituo kwa nini una kitu inanguruma na iko na mabawa.

#52 Fundi wa Madirisha
Kipanga achana na mbao kabisa. Nenda kwa yeyote anayetengeneza madirisha ya aluminiamu, omba vipande viwili vya pembe ya L, milimita 3 unene. Kata kwa msumeno wa chuma, shika kwenye jiriwa, piga tupa. Upande mmoja unafungwa kwenye faiawoli, mwingine unabeba injini. Usikunje mwenyewe, tumia pembe iliyotoka kiwandani hivyo. Nimemtengenezea mtoto wa dada yangu, mwaka wa pili huu.

Usidanganywe na wanaoyeyusha sufuria kumimina maunti. Sufuria ni laini, inapinda. Anayeyeyusha pistoni za magari, huyo msikilize.

#53 Gereji ya Mjomba
L mbili ambazo hazijaungana kati yake zinafunguka kama mkasi injini ikipiga. Weka kipande cha kuziunganisha chini.

#54 Fundi wa Madirisha
Kipo, sikutaja. Nakubali.

#55 Kipanga wa Tabata
Wakuu, mrejesho baada ya wiki mbili.

Nimechonga mihimili mipya, mkongo ule ule ila nimeuacha juu ya friji siku kumi. Nimepaka epoksi nyepesi mpaka ndani ya matundu. Kwa kila mguu nimeegesha injini, nikashikilia kwa klampu, nikapitisha biti ya tundu la mguu kuweka alama tu, kisha nikatoboa. Nimepata bolti za inchi namba 6 kwa mzee mmoja wa redio, zinaingia kwa kusukuma. Chini washa pana na loki nati. Kabari badala ya washa. Propela nimebalansi, upande mmoja ulikuwa unashuka kweli. Beringi ya nyuma nimebadilisha, ya zamani ilikuwa na kutu kama Mjomba alivyosema.

Nimeruka mara tisa. Mstari wa kalamu wa Fundi Keko haujaachana na bolti zimekaza.

#56 Mwalimu wa Zamu
Hongera. Lakini umebadilisha vitu vinane kwa mpigo! Sasa hatutajua kilichokuwa kinalegeza ni kipi.

#57 Chuma Chakavu
Kasema propela ilikuwa inashuka. Mimi nimemaliza.

#58 Mpemba Halisi
Bolti zinaingia kwa kusukuma, amesema. Someni.

#59 Gereji ya Mjomba
Kutu.

#60 Fundi Keko
Siku kumi juu ya friji 😊

#61 Kipanga wa Tabata
Nawashukuru wote. Ila kuna jambo sikulisema hapo juu. Tangu mruko wa saba, bolti mbili za silensa zimeanza kulegea. Hazikuwahi kulegea kabla.

#62 Dada wa Muheza
Silensa inafungwa chuma kwa chuma au uliweka gasketi? Tia picha.

#63 Siti ya Mbele
Nimekaa pale tena.

#64 Toto la Kariakoo
Na hiyo nyonyo safi lita moja inauzwaje, na wapi? Siyo ya ndege, ni ya mtu.